Meza ya mvule ya mama mkwe: nisafisheje bila kuiharibu?

Binti wa Migosi, Kisumu

Hamjambo nyote. Naomba msaada wa wanaojua mbao, hasa walio huku Kisumu au popote magharibi, maana hewa yetu hii ya ziwa nadhani nayo inachangia shida niliyo nayo.

Mama mkwe wangu amehamia kwetu kutoka Kano. Mvua za 2024 zilipojaza maji Nyando, nyumba yake ilibaki na unyevu muda mrefu, na mume wangu akaona heri aje akae nasi. Alikubali kwa sharti moja: meza yake na viti vyake vije naye. Ni seti ya mvule, meza, viti sita na kabati la vyombo lenye vioo. Marehemu baba mkwe alitengenezewa na fundi wa hapa mjini miaka ya sabini, alipokuwa akifanya kazi reli. Ni mizito ajabu. Vijana wa mtaa walipoishusha kwenye pikapu walikuwa wakipokezana.

Sasa hali yake. Juu ya meza palitandikwa karatasi ya nailoni, ile ya maua, na imekaa hapo miaka nenda miaka rudi. Nilipoivua ilibanduka kwa shida, na meza inanata mpaka leo. Ukiweka gazeti, ukiliinua herufi zimebaki mezani. Upande mmoja kuna duara kubwa jeupe la sufuria iliyowekwa ikiwa ya moto wakati wa matanga ya baba. Viti viwili vya mwisho vina mikono, na pale mtu anaposhika pamekuwa peusi na panateleza kwa uchafu. Ukikwaruza kwa ukucha unatoka na nta nyeusi. Miguu ya meza imeingia weusi kutoka chini hadi kiasi cha shubiri moja. Nyuma ya kabati pana ukungu na harufu ya nyumba iliyofungwa. Droo moja haifunguki bila kupigwa.

Fundi mmoja wa karibu alikuja akaiangalia, akasema dawa ni moja tu: ipigwe msasa wa mashine yote, ipakwe vanishi nyeusi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akaniambia pembeni kwamba hataki. Pembeni mwa meza kuna alama ya pasi ya makaa, ya siku alizokuwa akinyoosha yunifomu za mzee hapo hapo kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine. Alama hiyo anaijua kwa kidole hata gizani. Mimi naye tumekubaliana: nataka meza safi, isiyonata, watoto waweze kufanyia kazi za shule, lakini ibaki meza yake.

Majirani wameshanipa dawa za kila aina: mafuta ya kupikia na ndimu, mafuta ya taa, polishi ya viatu, na Jik kwa ajili ya ukungu. Kabla sijagusa kitu nauliza: kipi ni kweli na kipi kitaniharibia? Na nianzie wapi?

Mama wa Shabab, Nakuru

Dada, hongera kwa kumpokea mama, na hongera zaidi kwa kuuliza kwanza.

Mafuta ya kupikia usiyaguse. Ya alizeti, ya nazi, yote hayakauki kwenye mbao. Wiki ya kwanza meza inang'aa na wageni wanasifu. Baadaye yanachacha, yananuka, na vumbi lote la nyumba linaganda juu yake. Mama yangu mdogo hapa Nakuru alipaka kabati lake hivyo kila Krismasi, na leo milango yake ina ukoko wa kahawia usiotoka kwa sabuni.

Nakuru vumbi ndilo adui. Udongo wetu ni wa volkano, vumbi lake lina chembe kali, na ukilipangusa kwa kitambaa kikavu unalisugua juu ya vanishi. Washa tochi ya simu uiweke ubavuni mwa meza, utaiona hiyo mikwaruzo midogo ya mviringo. Mimi natumia fulana kuukuu ya pamba, nailowesha, naikamua mpaka haitoi hata tone, napangusa, kisha nafuata na kavu.

Jik kwenye mbao hapana. Inapausha mbao, na ukungu unarudi. Na tafadhali mtu asije akachanganya Jik na siki akidhani anaongeza nguvu. Mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini, na gesi hiyo inachoma mapafu. Kwenye chumba kidogo kilichofungwa madirisha ni hatari kubwa.

Nami nina swali langu: kabati la televisheni nililonunua dukani ni la MDF, zile mbao za kiwandani za unga wa mbao uliogandishwa. Nalo linahitaji polishi?

Kijana wa Lurambi, Kakamega

Salamu kwenu. Mimi kazi yangu ni kupuliza laka na PU, ile vanishi ngumu ya poliyurethani, kwenye karakana, kwa hiyo nitasema tofauti kidogo, kwa heshima.

Fundi huyo wa Migosi hajakosea sana. Meza inayonata haisafishiki. Piga msasa namba 120, fuata 180, maliza na 240, paka sila, ile rangi ya kwanza ya kuziba vinyweleo vya mbao, halafu PU safi isiyo na rangi. Ukishafika hapo, chai, sufuria, maji, havikusumbui tena. Mvule ni mbao ngumu, inavumilia msasa. Ila fanyeni kazi hiyo nje na barakoa, maana vumbi la mvule linawasha pua, macho na ngozi. Kuna wenzetu karakana ambao hawawezi kuikata bila kuvimba uso.

Tena chagueni asubuhi. Huku Kakamega mvua inakuja alasiri, na laka ikipulizwa hewa ikiwa na unyevu inaingia weupe. Kisumu nayo ina unyevu wa ziwa, msidhani mmesalimika.

Fundi wa Kibuye, Kisumu

Binti yangu, kabla hujamruhusu mtu yeyote kuingiza mashine ya msasa ndani ya nyumba hiyo, nisikilize. Nimefanya useremala Kibuye tangu ujana wangu, na seti za enzi hiyo nimezitengeneza upya nyingi. Jambo ninalolipigania kila mara ni hili: fanicha kuukuu inayoonekana imekwisha, mara nyingi imechafuka tu.

Mvule ukikatwa mpya una manjano. Ukikaa kwenye mwanga wa nyumba, mwaka baada ya mwaka, unageuka taratibu kuwa kahawia iliyokolea. Rangi hiyo iko juu juu. Mwenye mashine anaiondoa kwa asubuhi moja, anakutana na manjano chini yake, ndipo analazimika kupaka vanishi nyeusi ili ifanane na viti. Vanishi ya rangi inafunika hata mistari ya mbao, na hapo umelipa pesa nyingi kupata meza ambayo mtu hawezi kujua ni mvule au ni mkaratusi. Na alama ya pasi ya mzee inakwenda na unga. Mama ana haki kabisa, na umfikishie salamu zangu.

Sasa, kinachonata. Hiyo nailoni ya maua inalainishwa kiwandani kwa kemikali ili iweze kukunjika. Kemikali hizo hazitulii humo. Zinatoka kidogo kidogo na kuingia kwenye polishi au vanishi iliyo chini, hasa kwenye joto la Kisumu na sufuria zikiwekwa juu yake. Miaka ikipita, vanishi yenyewe inalainika. Kwa hiyo kinachonata mezani kwako si uchafu peke yake, ni ile ngozi ya juu iliyoharibika. Nawaomba wote wenye meza nzuri: ondoeni nailoni leo. Tandikeni kitambaa cha pamba, na chini ya sufuria wekeni kibao au mkeka mdogo. Hata vile vitambaa vya kufuma tunavyovipenda, visogezeni mara kwa mara, maana mbao iliyofunikwa inabaki na rangi moja na iliyo wazi inabadilika. Nimeona kabati lenye ua zima la kitambaa lililochoreka juu yake.

Kabla ya kuosha, ujue kilichopakwa. Nenda mahali pasipoonekana, ndani ya mguu wa nyuma wa kiti au chini ya ukingo wa meza. Weka tone la spiriti kwa pamba, ungoje dakika moja, uguse kwa kidole. Pakinata, hiyo ni shelaki, ile polishi ya zamani inayotoka kwa wadudu wadogo wa kule India, ikayeyushwa kwa spiriti na kupakwa kwa kitambaa, tabaka juu ya tabaka. Spiriti isipofanya kitu, jaribu thina kando yake. Ikilainika, ni laka. Vyote viwili visipoigusa, una vanishi ya mafuta au PU. Jaribu kwenye kiti, kabati na juu ya meza, kila kimoja peke yake, kwa sababu nimekuta mara nyingi viti vina shelaki ya kwanza na meza imeshapakwa vanishi na mtu mwingine baadaye. Ukijua hili hutakosea. Mtu anayepangusa shelaki kwa spiriti ili kuua vijidudu anaiosha yote.

Anza na kiti, usianze na meza. Beseni la kwanza, maji ya uvuguvugu na matone machache ya sabuni ya maji ya vyombo. Beseni la pili, maji matupu. Kitambaa kikamue kwa mikono miwili. Maji yakichuruzika kwenye mbao umeshazidisha. Osha sehemu ndogo, futa kwa kitambaa cha maji matupu, kausha papo hapo, ndipo usogee. Kwenye nakshi na viungo tumia mswaki laini. Maji yatageuka meusi haraka, yabadilishe. Huo ni moshi wa jiko, jasho, na polishi za kunyunyiza zilizorundikana.

Mikono ya viti haitaisha kwa sabuni. Ikishakauka, chukua tapentaini kwenye kitambaa, fungua madirisha, jiko liwe limezimwa, usugue kufuata mistari ya mbao. Tapentaini inayeyusha nta na mafuta bila kuigusa shelaki iliyokauka. Ukoko mzito uondoe kwa kijiti kilichochongwa butu, kamwe si kisu. Ukifika mahali uchafu umetoka na bado pananata, ujue jasho la mikono limeilainisha polishi yenyewe. Hapo, na hapo tu, utapaka upya.

Duara jeupe usilihangaikie bado. Weupe ni unyevu ulionaswa ndani ya polishi, haujafika kwenye mbao. Kama juu ya meza itabidi paondolewe polishi kwa ajili ya kule kunata, duara litaondoka nalo na utakuwa umejiokolea kazi. Wenye duara jeupe kwenye meza isiyonata, kwanza waliache siku chache, mengine yanapotea yenyewe. Lisipotoka, tumia mashine ya kukausha nywele kwa moto mdogo, ukiizungusha bila kutulia mahali pamoja. Likikataa, chekecha majivu ya makaa kwa kitambaa chembamba, yachanganye na mafuta ya cherehani, uyasugue taratibu kwa kidole kilichofungwa pamba, ukifuta na kuangalia. Patabaki na ufifi, nta itaurudisha.

Juu ya meza yako nadhani patahitaji kuvuliwa. Lakini kuvua si kupiga msasa. Ikiwa ni shelaki, spiriti na vitambaa vingi vitaiondoa yote. Ikiwa ni vanishi, kuna dawa ya kuondolea vanishi kwenye maduka ya hadiwea, unaipaka, unangoja ivimbe, unaikomba kwa kibao butu. Vaa glavu za mpira na ufanyie nje kivulini. Rangi ya mvule inabaki, alama ya pasi inabaki. Mwisho upitishe msasa namba 320 kwa mkono, mara moja tu, kufuata mistari.

Na hapo namuunga mkono kijana wa Lurambi. Meza ya kulia chakula haitaki shelaki, sufuria itachora duara lingine. Paka vanishi safi isiyo na rangi, nyembamba, tabaka tatu, kila moja ikauke vizuri kabla ya nyingine. Ila mvule una mafuta yake ya asili yanayochelewesha vanishi kukauka. Pangusa mbao kwa thina kwanza, iache ikauke, upake siku hiyo hiyo.

Weusi wa miguuni ni hadithi nyingine. Maji yamepita polishi, yakakutana na chuma na asidi za mbao. Kuna asidi ya oksaliki inayoutoa, lakini ni sumu, na lazima uvue polishi yote ya miguu. Mimi ningeuacha. Ni shubiri moja chini ya meza, na hauli mbao. Kinachonisumbua zaidi ni chini kabisa ya mguu, pale mbao ilipokatwa kukingama na nyuzi zake ziko wazi. Huko ndiko maji ya kupigia deki yanapandia kila asubuhi. Lazeni meza chali, ikauke, mpake vanishi kwenye nyayo za miguu mpaka zisinywe tena. Kazi hii haionekani na watu huiruka, lakini ndiyo itakayoongeza maisha ya meza kuliko kung'arisha kokote.

Nyuma ya kabati bila shaka ni plaiwudi tupu isiyopakwa. Litoe nje kivulini, vaa barakoa, ondoa ukungu mkavu kwa brashi kwanza, kisha pangusa kwa spiriti upande huo wa nyuma tu. Likirudi ndani liache nafasi ya kiganja na ukuta. Harufu ya ndani itapungua ukiweka bakuli la makaa makavu na kuacha milango wazi.

Droo imevimba kwa maji ya Kano. Asije mtu akaipiga randa sasa, kwa sababu Januari ikifika itanywea na kuanza kucheza. Iache ikauke, usugue mshumaa kwenye reli zake.

Mama wa Shabab, MDF yako imebandikwa karatasi juu, hakuna mbao ya kulisha. Kitambaa chenye unyevu kidogo kinatosha. Linda kingo zisipate maji, zikivimba hazirudi.

Kijana wa Lurambi, Kakamega

Mzee, nimekuelewa, na hilo la kuvua bila msasa nitalijaribu kwenye kazi ya mteja mmoja mwenye kabati la Elgon teak, mbao nyingine ngumu ya huku kwetu. Nilizoea kwamba kila kitu kinaanza na mashine.

Swali langu: kwa viti, kwa nini tusipake mafuta ya kitani yaliyochemshwa? Wateja wengi wanayaomba siku hizi, wanapenda ule mng'ao wa chini.

Fundi wa Kibuye, Kisumu

Mwanangu, mafuta ya kitani ni mazuri kwa mbao iliyo tupu. Hayo yanakauka, si sawa na ya kupikia. Lakini juu ya shelaki iliyopo hayana pa kuingia, yatakaa juu yakinasa vumbi. Viti vya huyu binti vikisafishika vizuri, havihitaji kitu zaidi ya nta.

Na wewe unayeyatumia karakana, nakuomba uwe makini na vitambaa. Kitambaa kilicholowa mafuta ya kitani kikikunjwa na kutupwa kwenye pipa kinajipasha moto chenyewe kinapokauka, na kinaweza kuwaka bila mtu kuwasha kiberiti. Karakana zimeungua kwa njia hiyo, watu wakilaumu umeme. Vitandaze kimoja kimoja kwenye waya nje mpaka vikakamae, au vitumbukize kwenye ndoo ya maji. Waambie na vijana unaowafundisha.

Jambo lingine, kwa wote: zile polishi za kunyunyiza zenye silikoni. Zinang'arisha upesi, sikatai. Lakini silikoni inapenya kwenye kila ufa, na siku fundi atakapotaka kupaka upya, vanishi inakataa kushika, inajikunja na kuacha vishimo vya mviringo. Kwenye fanicha ya urithi sizitaki kabisa. Polishi ya viatu kwa mkwaruzo mdogo ni sawa, ila iwe kidogo na mahali pasipoguswa na nguo.

Polishi ya kweli tengenezeni nyumbani. Gramu 100 za nta ya nyuki, mililita 300 za tapentaini. Nta iweke kwenye kopo, kopo kwenye sufuria ya maji ya moto, iyeyuke yenyewe. Haihitaji hata maji yachemke, nta inayeyuka kwenye nyuzi 64 hivi. Kisha toa kopo, nenda nalo nje, mbali na jiko, ndipo umimine tapentaini na kukoroga. Usiimimine karibu na moto hata ukiwa na haraka. Ikipoa inakuwa laini kama samli iliyoganda. Paka nyembamba sana, mtu akiangalia aone umepaka kidogo mno. Ngoja robo saa, sugua kwa sufi au flaneli mpaka kiganja kikipita kisiache alama. Mara mbili kwa mwaka inatosha. Wanaopaka kila Jumamosi ndio wanaotuletea ule ukoko mweusi.

Binti wa Migosi, Kisumu

Mzee, asante sana. Nimemsomea mama maneno yako yote, akaniambia nikuulize kama ulimfahamu fundi aliyekuwa na kibanda karibu na reli, mwenye mkono wa kushoto, maana ndiye aliyeitengeneza.

Nimefanya jaribio ulilosema. Mguu wa kiti ulinata kwa spiriti, na ubavu wa kabati pia. Juu ya meza spiriti haikufanya kitu, wala thina. Kwa hiyo ulivyosema ndivyo ilivyo, meza ilipakwa na mtu mwingine. Mama amekumbuka kwamba kweli, ilipakwa tena walipohamia Kano.

Nimeosha kiti kimoja. Sikujua kwamba mgongo wake una mistari iliyochongwa, mitatu, inayokwenda sambamba mpaka chini ya kikalio. Ilikuwa imejaa uchafu, ikaonekana bapa. Mswaki ndio ulioifungua. Rangi iliyotokea ni kahawia yenye wekundu kidogo, na bado sijapaka kitu. Mume wangu amesema twende hivyo hivyo na vilivyobaki kabla ya kuivua meza.

Yamebaki mawili. Kiti kimoja kinayumba tangu yale maji, nipige msumari? Na nta ya nyuki safi nitaipata wapi? Ile ya supamaketi inaonekana ina vitu vingine ndani.

Fundi wa Kibuye, Kisumu

Huyo wa mkono wa kushoto nilimwona nikiwa mwanafunzi wa kazi. Alikuwa akichonga mistari mitatu kwenye kila kiti. Mwambie mama hivyo.

Msumari usipige. Unapasua ulimi wa kiungo, na kutu yake inaleta ule ule weusi wa miguuni. Viti vya wakati huo viliunganishwa mara nyingi kwa gundi ya ngozi na mifupa, na gundi hiyo inalegea kwa maji. Ndiyo sababu kiti kimeyumba. Kifungue kiungo taratibu kwa nyundo ya mpira, osha gundi kuukuu kwa maji ya moto na mswaki, kikauke kabisa, paka gundi mpya, kifunge kwa kamba na kijiti cha kukazia mpaka kesho yake. Fanya hivyo kabla ya nta. Nta ikiingia kwenye kiungo gundi haishiki.

Mama wa Shabab, Nakuru

Nta hiyo nikujibu mimi, dada. Barabara ya kutoka Nakuru kwenda Marigat, wauzaji wa asali ya Baringo wako kando ya njia. Usiulize asali peke yake, uliza masega yaliyokamuliwa. Wengi wanayauza kwa bei nafuu. Huku kwenu pia, ukimpata mfugaji wa nyuki upande wa Kakamega, atakuwa nayo.

Ukifika nyumbani yachemshe masega kwenye sufuria kuukuu yenye maji, kwa moto mdogo, usiondoke jikoni. Yakishayeyuka yachuje kwa kitambaa chembamba kwenye beseni na uyaache yapoe usiku kucha. Asubuhi utakuta nta imeganda juu ya maji, kipande kimoja cha manjano, na chini yake kuna tabaka jeusi la uchafu. Likwangue kwa kisu. Rudia kuyeyusha na kuchuja mpaka tabaka hilo lipotee, halafu ianike nta ikauke vizuri kabla ya kuichanganya na tapentaini, kwa sababu maji yakibaki ndani polishi haichanganyiki sawasawa. Sufuria hiyo usiipikie tena chakula, nta haitoki yote.

Nikienda upande wa Marigat mwezi ujao ninaweza kukuchukulia na kuituma kwa matatu za Kisumu. Niambie tu unataka kilo ngapi.